Mwanangu anasoma Injili ya Tomaso, mzee wa kanisa anataka ichomwe

Mwalimu, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia kutoka Nkuhungu, Dodoma. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mwanglikana tangu utoto. Wazazi wangu walibatizwa Mvumi, na mimi nikapata kipaimara hapa mjini. Mume wangu alishatangulia. Nina mashine ya kusaga, ndiyo inayotulisha na kuwasomesha watoto.

Shida yangu ni kijana wangu wa kwanza. Anasoma chuo kikuu hapahapa Dodoma, na tangu akiwa sekondari anafundisha shule ya Jumapili kanisani kwetu. Kwa tabia sina la kumlaumu. Likizo iliyopita alianza kusoma kwenye simu maandishi ambayo sikuwahi kuyasikia: Injili ya Tomaso, Injili ya Maria, kitabu cha Henoko. Hiyo ya Tomaso akaichapisha kwa Kiingereza pale steshenari, akaibana vizuri, akawa anatutafsiria jioni baada ya kula. Wadogo zake walipenda. Nami nilisikiliza, maana mwanzoni nilidhani ni kitabu cha maelezo tu.

Baadaye maneno yakabadilika. Akasema vitabu hivi vilifichwa makusudi. Kwamba mfalme Konstantino na maaskofu walikaa Nikea wakapiga kura injili zipi zibaki na zipi zichomwe, na tunachosoma leo ni kile kilichowafaa wakubwa. Jumapili moja akawasimulia watoto kwamba Yesu alipokuwa mdogo alifinyanga ndege wa udongo, wakaruka. Watoto wakaenda kusimulia makwao, mzazi mmoja akafikisha habari kwa wazee wa kanisa. Mzee mmoja akaja nyumbani akasema hayo ni maandiko ya shetani, makaratasi yachomwe, na kijana asikanyage darasa la watoto mpaka atubu mbele ya ushirika. Kijana akamjibu kwa hasira kwamba kanisa linaogopa ukweli. Tangu hapo haendi ibadani wala hashiriki Meza ya Bwana. Anasema ufalme uko ndani yake, haoni haja ya jengo wala mchungaji.

Juu ya hayo, rafiki yake Mwislamu waliyekua pamoja mtaani amemwambia ipo pia Injili ya Barnaba, nayo ilifichwa. Sasa anaitafuta hiyo.

Na mimi nina langu, ambalo sijamwambia mtu. Jioni moja alitusomea mfano ambao Yesu anasema ufalme wa Baba umefanana na mwanamke aliyebeba mtungi uliojaa unga. Akiwa safarini, bado yuko mbali, mkono wa mtungi ukavunjika, unga ukawa unamwagika nyuma yake njiani, naye hakujua. Alipofika nyumbani akautua, akaukuta mtupu. Mwalimu, mimi nashinda na unga. Mfano ule uliniingia, nikalala nikijiuliza ni kitu gani kinanimwagika bila mimi kujua. Sasa naogopa. Je, nimetenda dhambi kuguswa na neno lisilo kwenye Biblia? Makaratasi yachomwe? Nani aliyeamua haya yawemo na yale yasiwemo? Na mwanangu nimrudisheje bila kumpoteza?

Mama, Nkuhungu


Marahaba, mama, na Bwana asifiwe.

Hujatenda dhambi, na makaratasi ya kijana yasichomwe. Nimeyatanguliza hayo mawili ili uyasome yanayofuata moyo ukiwa umetulia.

Yaliyokupata nyumbani kwako yaliwahi kulipata kanisa la Rhosso, mji wa pwani si mbali na Antiokia, mwishoni mwa karne ya 2. Waumini wa pale walikuwa wakisoma Injili ya Petro, wenzao wakakwazika, ukazuka ugomvi. Serapioni, askofu wa Antiokia, alipowatembelea alikuwa hajaisoma. Akaona kama wanagombania hilo tu, basi isomwe. Baadaye akapata habari kwamba kwa kivuli cha kitabu hicho kuna watu wanafundisha kuwa Yesu hakuwa na mwili wa kweli, alionekana tu kama anao. Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachotamani mzee wako akisikie. Aliazima nakala kwa watu wa upande uleule uliokuwa ukiitumia, akaipitia mwenyewe, akaliandikia kanisa kwamba mengi humo yanapatana na mafundisho ya kweli ya Mwokozi lakini yapo yaliyoongezwa, akawaorodheshea. Akawaambia wamtarajie upesi. Tena alisema waziwazi kwamba Petro na mitume wengine tunawapokea kama tunavyompokea Kristo, ila maandishi yaliyopachikwa majina yao kwa uongo tunayakataa. Eusebio, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, ndiye aliyetuhifadhia barua hiyo.

Katika sehemu ya barua iliyotufikia hakuna moto. Kuna askofu aliyeazima, akasoma, akajibu jambo kwa jambo, na akakusudia kwenda mwenyewe. Kwa hiyo, kwa heshima zote, mwulize mzee kama amezisoma zile kurasa. Kama hajazisoma, kijana wako ameshaliona hilo, na ndilo linalompa nguvu ya kusema kanisa linaogopa.

Mzee na kijana wanagongana kwa sababu wote wawili wanadhani kitabu kina mahali pawili tu pa kukaa. Kwa mzee, kisichokuwa ndani ya Biblia ni cha shetani. Kwa kijana, kikiwa kizuri na cha kale kilistahili kuwa ndani ya Biblia, na kama hakimo basi kuna mtu alikiiba. Wakristo wa kwanza walikuwa na mahali pa tatu. Kulikuwa na kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichopendwa sana Roma na kwingineko. Orodha ya kale tunayoiita ya Muratori inasema kitabu hicho kisomwe, lakini kisisomwe hadharani kanisani pamoja na manabii na mitume. Atanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 alitaja vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile tulivyonavyo leo, kisha akataja na vingine vya kuwasomea wanaoingia katika imani, kikiwamo hicho cha Herma na kile cha Mafundisho ya Mitume. Nenda kwa Waanglikana wenyewe: kifungu cha sita cha Vifungu 39 vya imani yenu kinaorodhesha vitabu kama Tobiti na Yudithi, kinasema kanisa huvisoma kwa mfano wa maisha na mafunzo ya mwenendo, ila halijengi fundisho la imani juu yake. Ndugu zetu Wakatoliki wanavihesabu vitabu hivyo kuwa Maandiko, ndiyo maana Biblia yao ina vitabu 73 na yenu 66, lakini hiyo ni habari nyingine na usiichanganye na hii ya Tomaso. Hata Wakatoliki hawana Injili ya Tomaso.

Ukoo unapokaa kuamua habari za shamba, husomwa wosia, na kila mtu anakubali kufungwa nao. Sandukuni kuna barua nyingine za marehemu, na nyingine zilizoandikwa na watu waliodai kumjua. Zinasomwa pia, zinafundisha, nyingine zinaliza. Hakuna anayegawa shamba kwa barua hizo, na hakuna mwenye akili anayezichoma.

Sasa Nikea. Habari hiyo ya kura imeenea sana tangu riwaya moja ya Kimarekani ilipotoka mwaka 2003, na vijana wengi wameipokea kama historia. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifanyika mwaka 325. Ulijadili mafundisho ya kasisi aitwaye Ario juu ya Uungu wa Mwana, ukajadili tarehe ya Pasaka, ukatoa kanuni 20 za nidhamu ya kanisa. Katika kanuni hizo hakuna hata moja inayochagua injili. Na haikuhitajika: yapata mwaka 180, zaidi ya miaka mia kabla ya Konstantino kutawala, Ireneo askofu wa Lyon alikuwa akiandika kwamba injili ni nne, na kuzitetea kama jambo ambalo makanisa yanalijua tayari. Hapo Wakristo hawakuwa na mfalme wala askari wa kumlazimisha mtu. Wao ndio waliokuwa wakiuawa.

Kijana akisema haikuwa rahisi hivyo, mkubalie, maana ni kweli. Barua kwa Waebrania, ya Yakobo, ya pili ya Petro, ya Yuda, zile mbili fupi za Yohana na kitabu cha Ufunuo zilibishaniwa muda mrefu, mahali na mahali. Eusebio anaeleza mabishano hayo bila kuficha. Biblia ya kale ya Kigiriki iliyokaa kwenye monasteri ya Sinai, ya karne ya 4, ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma baada ya Ufunuo. Vitabu vyetu vilikubalika polepole, kwa kusomwa Jumapili hata Jumapili kutoka Siria hadi Afrika Kaskazini, kwa kuulizwa kama vimetoka kwa mitume au watu wao wa karibu, na kama vinasema imani ileile waliyobatizwa nayo watu. Mimi naiamini kazi hiyo kuliko ambavyo ningeamini kura ya siku moja, na ninamwona Roho Mtakatifu ndani yake.

Kuhusu kufichwa, zipo zilizozikwa kweli. Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi huko Misri, wakulima waliokuwa wakichimba udongo wenye rutuba walikuta mtungi, na ndani yake vitabu vya mafunjo kwa lugha ya Kikopti, vilivyojalidiwa kwa ngozi. Vipo 13, na Injili ya Tomaso ni mojawapo ya maandishi yaliyomo. Inasimuliwa kwamba vilipofikishwa nyumbani, mama wa mmoja wao alitumia baadhi ya kurasa kuwashia moto. Hatutajua kamwe zilisema nini. Mzee wako alipotaja moto nilimkumbuka mama yule, ambaye angalau hakujua ameshika nini. Vilivyobaki viko Cairo, kwenye Jumba la Makumbusho la Kikopti, vimetafsiriwa, na anayetaka anasoma. Henoko naye hakupotea hata siku moja: Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linayo katika Biblia yake mpaka leo, na Yuda katika barua yake, mstari wa 14, anamnukuu. Injili ya Maria imetufikia ikiwa na zaidi ya nusu ya kurasa pungufu, kwa hiyo mtu akikujia na fundisho zima kutoka humo, mwulize amelipata ukurasa gani.

Tufungue Tomaso yenyewe. Haisimulii maisha ya Yesu. Ni misemo 114, mmoja baada ya mwingine, "Yesu alisema", "Yesu alisema". Mingi utaitambua: mbegu ya haradali, mpanzi, kibanzi katika jicho la ndugu. Hata huo ufalme ulio ndani, ambao kijana anaona ulifichwa, umo katika Luka 17:21 kwenye Biblia iliyo kabatini kwako. Wataalamu wengi wanaiweka karne ya 2. Wapo wanaoona baadhi ya misemo yake ni ya zamani kuliko hapo. Mtu anayempenda Yesu ana haki ya kutaka kujua. Hata Paulo, kule Miletoni, aliwaambia wazee wa Efeso wayakumbuke maneno ya Bwana Yesu, kwamba ni heri kutoa kuliko kupokea, na neno hilo halipo katika Mathayo, Marko, Luka wala Yohana. Luka anaanza injili yake akisema watu wengi walishajaribu kuandika habari hizi. Maneno yalikuwa mengi, na si yote yaliyoingia katika zile nne.

Lakini mwonyeshe kijana yasiyokuwemo. Tomaso haina simulizi ya mkoma aliyeguswa. Haina wenye njaa walioketi majanini wakala. Haisimulii Yesu alivyokufa, wala haina kaburi tupu. Inaanza kwa kujitambulisha kuwa ni maneno ya siri, na kusema atakayepata tafsiri yake hataonja mauti. Msemo wa mwisho kabisa, wa 114, Petro anataka Mariamu aondoke kati yao, na Yesu anajibu kwamba atamfanya awe mwanamume, maana mwanamke atakayejifanya mwanamume ndiye atakayeingia ufalme wa mbinguni. Wataalamu wanabishana maana yake. Mimi ningemwomba kijana ausome kwa sauti mbele yako, mama yake uliyemlea peke yako kwa mashine ya kusaga, kisha afungue Luka aone ni akina nani waliokwenda kaburini alfajiri na manukato.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na sitaulegeza. Wokovu kwa njia ya siri ni wokovu wa wachache wenye kuelewa. Ugogo ni nchi inayoijua njaa. Ile njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 bado inasimuliwa na wajukuu wa waliopona. Mtu wa nchi hii anahitaji kumjua Mungu aliyekuwa na mwili unaosikia kiu, na kanisa ambalo habari zake njema zinamfaa mama asiyejua kusoma sawasawa na mwanafunzi wa chuo. Mbele ya kuhani mkuu Yesu alijibu, "Mimi nimesema na ulimwengu waziwazi," na kwamba kwa siri hakusema neno. Ni kweli Marko anasema faraghani aliwaeleza wanafunzi wake mifano. Kijana akilitaja hilo amesoma vizuri. Ila walichoelezwa faraghani ndicho walichokwenda kukihubiri sokoni na kufia. Ireneo aliwajibu hivyo waliodai kuwa na mafundisho ya siri: kama mitume wangekuwa na siri, wangewaachia kwanza wale waliowakabidhi makanisa.

Turudi kwenye mtungi wako wa unga. Ni msemo wa 97. Wapo wataalamu wanaodhani huenda ulitoka kinywani mwa Yesu mwenyewe, na wapo wanaokataa. Huhitaji kuamua. Uliposikia ukajiuliza nini kinakumwagika, ulifanya kile ambacho mifano yote ya injili hukitaka. Fanya hivi: mwombe kijana akusomee msemo unaoutangulia, wa 96. Atakuta ni mfano wa mwanamke na chachu. Kisha mfungue Mathayo 13:33, ule wa chachu aliyoitwaa mwanamke akaisitiri ndani ya pishi tatu za unga, hata ikachachwa yote. Mkiwa mmekaa na wanawake hao wawili, mmoja unga wake unaumuka na mwingine unga wake unapotea njiani, wote wawili hawaoni kinachoendelea, mtakuwa na mazungumzo ya jioni nzima. Mathayo ndiyo itakayokuambia lililo hakika; Tomaso ikusaidie kuuliza. Ukiombea hilo usiku, omba bila hofu.

Ndege wa udongo ni habari tofauti, na hapo kijana alikosea. Hawatoki katika hii Tomaso ya misemo. Wanatoka katika kitabu kingine chenye jina la Tomaso, kinachosimulia utoto wa Yesu. Qur'ani nayo inawataja ndege hao. Kitabu hichohicho, baada ya kuwataja ndege, kinasimulia mtoto aliyempiga kikumbo Yesu begani, Yesu akasema neno, mtoto akafa. Wazazi walipolalamika, walalamikaji wakapofuka. Kijana aliwasimulia watoto ndege akaacha maiti. Kama kitabu hakisomeki chote mbele ya watoto wa miaka saba, basi darasa lao halikuwa mahali pake. Utoto wa Yesu tunao katika Luka 2, mfupi, na unatosha: mvulana wa miaka kumi na miwili hekaluni, anasikiliza na kuuliza maswali, mama yake akimtafuta kwa huzuni.

Nataka pia mzee ajiangalie kidogo. Akihubiri kwamba Petro alisulubiwa kichwa chini, anatumia Matendo ya Petro, ambayo hayamo katika Biblia. Igizo la Krismasi la watoto wenu lina ng'ombe na punda wakilichungulia hori? Luka hakuwataja, wanatoka katika maandishi ya baadaye yaliyochota kwa Isaya. Wakatoliki wa mjini hapo wanapoadhimisha Yoakimu na Anna tarehe 26 Julai, majina hayo ya wazazi wa Mariamu yametoka katika kitabu kiitwacho Injili ya Yakobo, cha karne ya 2. Tumeishi na maandishi hayo muda wote bila kuyaogopa, kwa sababu hatukuyafanya msingi wa wokovu.

Injili ya Barnaba niipite haraka. Usiichanganye na Waraka wa Barnaba niliotaja juu, ambao ni wa kale kweli. Hii inayotajwa kwenye mihadhara imetufikia kwa Kiitaliano na Kihispania, na yenyewe inaonyesha umri wake: inazungumzia yubile ya kila miaka mia moja, wakati Torati inasema miaka hamsini, na yubile ya miaka mia ilianza na Papa Bonifasi wa 8 mwaka 1300. Inasema pia Yesu alipanda chombo akasafiri majini mpaka Nazareti, mji ulio vilimani. Kijana amweleze rafiki yake kwa upole, bila kutafuta kumshinda. Urafiki wao ni wa thamani kuliko kubishania hati ya zama za kati.

Sasa la kufanya. Mwambie kijana kwamba hapo nyumbani ataendelea kusoma, na wewe utaendelea kusikiliza, ila mtabadilisha mpangilio. Kabla ya Tomaso, msome Mafundisho ya Mitume, ambayo wengi huyaita Didake. Askofu Mgiriki Philotheos Bryennios aliyakuta Konstantinopoli mwaka 1873, akayachapisha mwaka 1883, na wengi wanayaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Ni mafupi, yanamalizika jioni moja. Humo atakuta jinsi ya kubatiza: maji yanayotiririka, kama hayapo, maji mengine, kama ni machache, mimina kichwani mara tatu. Sisi ambao makorongo yetu hujaa wiki chache tu kwa mwaka tunaelewa waliandikiwa watu gani. Atakuta kufunga Jumatano na Ijumaa, na Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Na atakuta jinsi ya kumpima nabii anayepita: akikaa siku tatu ni wa uongo, akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala, akiomba fedha ni wa uongo. Akisema katika roho "nipeni fedha", asisikilizwe, isipokuwa anaombea wengine wenye shida. Kwa jinsi watu wetu wanavyouza mbuzi kununua mafuta ya upako na maji ya chupa yaliyoombewa, ukurasa huo ningefurahi kuuona umebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila kanisa Dodoma. Mwambie kijana: ukitaka kitabu cha kale kinachowasumbua wakubwa, ndicho hiki, na hakuna askofu anayekificha.

Kisha nenda kwa mchungaji wako kabla mambo hayajafika kwenye baraza la kanisa. Usiende kushitaki mzee wala kumtetea mtoto. Mwombe akae na hao wawili, makaratasi yakiwa mezani, asome pamoja nao kama Serapioni alivyosoma. Akiona anahitaji msaada, Msalato hapo nje ya mji kuna chuo cha theolojia cha kanisa lenu. Hatakosa mwalimu wa historia ya kanisa wa kuja kuzungumza na vijana, maana naamini wa kwako si peke yake. Kuhusu darasa la watoto, nakubaliana na mzee kwamba kijana apumzike kwa sasa, kwa makubaliano na kwa muda unaotajwa. Kutubu mbele ya ushirika kwa kosa la kusoma sikubaliani nako. Kama kuna la kuomba radhi, ni yale maneno ya hasira aliyomjibu mzee, na hilo linaombwa sebuleni, uso kwa uso.

Meza ya Bwana usimlazimishe. Endelea kwenda wewe na wadogo zake, na ukirudi msimulie mahubiri yalisema nini, kama ulivyomsimulia siku zote. Akikuuliza swali usilojua jibu lake, liandike umpelekee mchungaji. Na hayo makaratasi, kama anaogopa mzee atayachukua, yaweke wewe, kwenye droo ileile ya Biblia, chini yake.